Jamu ya Pilipili Ngara na Biharamulo: Tunda Lilikuwepo, Sukari Ndiyo Iliyochelewa

Nanasi lina asili ya Amerika ya Kusini. Pilipili nayo ni ya bara hilohilo la Amerika, na ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi ya Wareno katika karne ya 16. Embe na tangawizi ni za Asia; muwa asili yake ni New Guinea. Vyote hivyo hukutana leo ndani ya sufuria moja Rulenge wilayani Ngara au Biharamulo mjini, mkoani Kagera, pale mama wa nyumbani anapopika jamu tamu yenye ukali wa pilipili. Mipera na mipapai imeshaotea milimani kana kwamba imekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Mgeni aliyekawia kuliko wote ni sukari, na ndiye aliyeamua jamu ianze kupikwa lini.

Kabla ya sukari watu hawakukaa wakitazama matunda yakioza. Wahangaza na Washubi wa Ngara, kama majirani zao Wasubi na Wazinza wa Biharamulo, walijua namna ya kuokoa ndizi zinazoiva zote kwa mkupuo. Ndizi za pombe zilivundikwa, zikamenywa, zikakamuliwa kwa majani mpaka zikatoa maji matamu. Yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa usiku kucha, na kesho yake pombe ilikuwa tayari. Njia hiyo huukamua utamu wa tunda na kuugeuza kilevi, ilhali jamu huuzidisha utamu mpaka vijidudu vishindwe kuishi humo. Na pombe ya ndizi haikai: baada ya siku chache huwa siki. Kilichodumu ni asali ya mizinga ya magogo, ambayo misitu ya Biharamulo imeitoa kwa vizazi vingi.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mombasa na Zanzibar, kwa kuchangamana na Wahindi na Waarabu, achari ya embe na chatine ya ukwaju zilikwishazoeleka mezani, na chumvi, siki, sukari na pilipili vilifanya kazi pamoja. Mtu anayedhani kuchanganya tamu na kali ni mtindo wa juzi na azionje kwanza.

Kutoka pwani hadi Ngara palikuwa mbali. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na biashara ya Bahari ya Hindi. Kutoka Bukoba kwenda kusini, mzigo uliendelea vichwani mwa watu. Kila kilo ya sukari iliyofika Biharamulo ilikuwa imelipiwa nauli ya treni, ya meli na ya mpagazi. Ilifaa kwenye chai ya afisa wa boma na ya mmisionari. Kumwaga kilo nzima juu ya kilo ya matunda ni anasa ambayo kaya ya mkulima isingethubutu.

Uhuru haukuimaliza adha hiyo papo hapo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mkoa huu, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Kiwanda kipya kilizinduliwa mwaka 1982, lakini wakati huo nchi nzima ilikuwa na uhaba: sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa foleni kupitia kampuni za biashara za mikoa (RTC) na maduka ya ushirika, kila kaya kwa kipimo. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na mifuko ya sukari stoo alikuwa na maswali mazito ya kujibu. Katika miaka hiyo embe liliiva, likaanguka, likaliwa na mbuzi. Ukosefu wa maarifa ulichangia kidogo sana. Hata Uingereza, penye mazoea ya jamu ya nyumbani, ilibidi mwaka 1940 serikali itenge sukari maalumu kwa vikundi vya wanawake wa vijijini ili matunda ya msimu yasiharibike wakati wa vita.

Mlango ulifunguka polepole. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, limefundisha vikundi vingi vya wanawake nchini kusindika matunda. Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, sukari ilirudi madukani. Kiwanda cha Kagera, kilichobinafsishwa mwaka 2001, kilianza tena kuzalisha mwaka 2004, na sasa sukari inatoka ndani ya mkoa wenyewe.

Upishi wenyewe unadai kujua sababu. Sukari huyafunga maji ya tunda. Ikifikia karibu asilimia 65 ya mchanganyiko, bakteria na ukungu hukosa maji ya kutumia. Kuganda ni kazi ya pektini, ambayo pera na embe bichi zina nyingi, nanasi na papai zina kidogo. Ndiyo maana mpishi wa jamu ya nanasi huongeza mapera machache au maji ya ndimu. Ukali wa pilipili umekaa zaidi kwenye nyama nyeupe inayoshika mbegu, kwa hiyo anayetaka ladha bila moto mwingi huitoa hiyo kwanza.

Jambo moja wapishi wa Ngara walistahili kuambiwa tangu mwanzo. Vitabu huagiza jamu ichemke hadi nyuzi 105, lakini hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Kwenye vilima vinavyokaribia mita 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na jamu huwa tayari karibu na 99. Anayengoja 105 atapata kitu kigumu chenye ladha ya kuungua. Sahani iliyopozwa haidanganyi popote: tone likidondoshwa juu yake likakunjamana linaposukumwa kwa kidole, sufuria iepuliwe.

Moto wa kupikia jamu hiyo ni wa kuni, na kuni Ngara zina historia chungu. Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, na kambi yao ya Benaco ikageuka mji. Miti ya eneo kubwa ilikwisha. Kinamama wenyeji walitembea mbali zaidi kuitafuta, na jiko la kuokoa kuni likawa kitu cha lazima.

Kinachosumbua sasa ni chombo. Kopo la bati, hata lile zuri la kahawa ya Africafe kutoka kiwanda cha TANICA cha Bukoba, halifai, maana asidi ya tunda hula bati. Chupa za kioo zenye vifuniko vipya husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na mara nyingine chupa tupu humgharimu mpishi kuliko matunda yaliyomo. Akitaka kuuza nje ya kijiji anahitaji alama ya TBS, shirika la viwango linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Na mwanzoni mwa 2024, sukari ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo sehemu nyingi nchini, wapishi wadogo walirudi kwenye hesabu ileile ya bibi zao: tunda lipo tele chini ya mti, sukari haishikiki.