Kipimo na Andalio: Mafunzo ya Walimu wa Kusoma na Kuandika katika Uwanda wa Ufipa

Historia ya kuwafunza walimu wa kusoma na kuandika katika uwanda wa juu wa Ufipa haieleweki vizuri ikisimuliwa kwa orodha ya vyuo na mihutasari peke yake, kwa sababu jambo lililoamua kwa muda mrefu namna mwalimu alivyoandaliwa ni kipimo, yaani nani aliyemsikiliza mtoto akisoma, na alimsikiliza akitaka kujua nini. Aliyepima alikuwa padri, kisha mkaguzi wa serikali ya kikoloni, kisha mtihani wa kuchuja, kisha kampeni ya taifa, na kila mmoja wao alimtaka mwalimu apange kazi yake kwa namna iliyomfaa yeye mpimaji. Mtoto mwenyewe, ambaye kwa haki ndiye angenufaika na kipimo hicho kwa kusaidiwa pale anapokwama, alichelewa sana kuingizwa katika hesabu.

Matai, ambayo ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012, iko kwenye barabara inayotoka Sumbawanga na kuteremka hadi Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Wafipa, Wamambwe na Walungu wanaishi jirani katika eneo hilo, na mpaka wa Zambia hauko mbali, kwa hiyo mtoto wa kijijini anapoanza shule huwa tayari na lugha yake ya nyumbani, na Kiswahili amekisikia sokoni, kanisani na redioni bila kukitumia sana kinywani mwake. Kuna tena jambo la majira ambalo wapangaji wa ratiba za kitaifa hulipita haraka: mvua za uwanda huanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mwaka wa shule huanza Januari, hivyo miezi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kufunuliwa siri ya herufi ndiyo miezi ya palizi, ya njia zenye matope na ya mito iliyojaa. Azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu unaogawa mada za mhutasari kwa miezi na wiki, huandikwa kana kwamba wiki zote za mwaka zina uzito mmoja.

Shule za kwanza za Ufipa zililetwa na Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, ambao mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema kwenye mwambao wa ziwa na kutoka huko wakasambaa hadi uwandani. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza eneo hilo la kimisionari kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1917, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha Kifaransa kuhusu nchi na watu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, na mtu anayetaka kujua wamisionari hao waliwaonaje wenyeji hawezi kukiepuka. Mwalimu wa shule hizo alikuwa katekista. Maandalizi yake yalikuwa ya kukaa misheni, kusaidia, kusikiliza na kurudia, na kipimo cha kazi yake kilikuwa idadi ya wakatekumeni waliokuwa tayari kubatizwa. Si haki kuibeza shule ya katekista, kwa maana ndiyo iliyofika vijijini ambako serikali haikufika kwa miongo kadhaa. Ila ni kweli pia kwamba katika shule ya aina hiyo mtu aliyekwisha kukariri sala na majibu ya katekisimu angeweza kufuata ukurasa kwa kidole huku akisema maneno aliyoyajua kwa moyo, na ikawa vigumu kubainisha kukumbuka na kusoma.

Serikali ya Waingereza ilileta mpimaji wa aina nyingine. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, chuo cha ualimu cha Mpwapwa kilianzishwa mwaka 1926, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku, yaani fedha za serikali zilizotolewa kwa shule za misheni zilizotimiza masharti: mwalimu mwenye cheti, mhutasari uliokubaliwa na serikali, na kukaguliwa. Shule ya katekista isiyotimiza masharti hayo ilibaki nje ya ruzuku. Uingereza yenyewe ilikuwa imewahi, kuanzia mwaka 1862, kuzilipa shule kwa kadiri ya watoto waliofaulu mbele ya mkaguzi, na ikauacha mtindo huo kabla ya karne ya 19 kwisha baada ya kuona walimu wakiwakaririsha watoto vitabu vya kusomea. Tanganyika haikuuchukua mtindo huo mzima, lakini ruzuku ilitosha kumfanya mkaguzi awe msomaji wa kwanza wa kila kilichoandikwa na mwalimu. Hapo ndipo karatasi za mwalimu, yaani azimio la kazi, andalio la somo na daftari la mahudhurio, zilipopata uzito ambao hazijaupoteza hadi leo.

Kipimo kikubwa kuliko vyote katika zama hizo kilikuwa mtihani wa darasa la nne. Nafasi za kuendelea na darasa la tano zilikuwa chache, hivyo mtihani huo ulikuwa chujio na si tathmini. Maana tathmini, kwa matumizi ya walimu, ni kukusanya ushahidi wa alichojifunza mwanafunzi ili kuamua kitakachofuata, ilhali chujio huamua tu nani abaki na nani arudi shambani. Mwalimu mwenye darasa la kwanza hakuwa na heshima ya yule wa darasa la nne, na mwenye akili alitamani kupanda. Mazoea ya kumpeleka darasa la kwanza mwalimu mgeni, au yule ambaye hakuna aliyemtaka madarasa ya juu, ni makongwe katika shule nyingi za Tanzania, na madhara yake yamekuwa makubwa kuliko kasoro yoyote ya mihutasari.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, jambo lililokuwa na uzito wa pekee Ufipa ambako misheni ilikuwa imeshika karibu kila kitu. Mtihani wa kuchuja wa darasa la nne ulifutwa mwaka 1973. Na mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, makao yake yakiwa Sumbawanga. Mwanzoni mwa muongo huo mpango wa MTUU, ulioziunganisha Tanzania, UNESCO na UNICEF, ulikuwa na wazo zuri lisiloenziwa ipasavyo: wakufunzi wa kusafiri waliotoka vyuoni na kumfuata mwalimu shuleni kwake, wakaketi darasani na kuzungumza naye juu ya somo lililokwisha kufundishwa.

Wazo hilo lilizidiwa nguvu na hesabu. Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977, na wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, wakakaribia milioni 3 mwaka 1978. Hakuna vyuo ambavyo vingetoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Ndipo yalipobuniwa mafunzo ya ualimu kwa njia ya posta na redio, yaliyoanza mwaka 1976: vijana, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba, waliajiriwa vijijini, wakafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu iliyobaki kwa vijitabu vilivyotumwa kwa posta, vipindi vya redio na mikutano ya kata chini ya waratibu, kisha wakaitwa chuoni kwa muda mfupi kabla ya mtihani wa mwisho. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo nchini kote, na wao ndio walioitwa walimu wa UPE, kwa kifupi cha jina la Kiingereza la mpango wenyewe wa elimu ya msingi kwa wote. Baadaye jina hilo likageuzwa kuwa la dharau.

Dharau hiyo inastahili kupunguzwa. Kijana wa UPE alikuwa na kitu ambacho mwanachuo wa bweni alikikosa, kwa sababu alijifunza ualimu huku watoto wakiwa mbele yake, na alichosoma jioni angeweza kukijaribu asubuhi. Tena alifahamu lugha ya kijiji, kwa hiyo alijua ni wapi Kiswahili kilimpita mtoto. Alichokosa ni mtu wa kumsahihisha. Kijitabu kilimweleza kwamba somo lina utangulizi, maarifa mapya, mazoezi na tathmini, lakini hakikuweza kumwonyesha kwamba mtoto aliyeitikia pamoja na darasa zima “ba, be, bi, bo, bu” kwa sauti ya juu huenda hajui kuitenga be na bi akiandikiwa peke yake ubaoni. Kuitikia kwa pamoja ndiko kulikokuwa njia ya kumudu darasa la watoto wengi na vitabu vichache, na ndiko kulikomficha mtoto asiyejua.

Katika miaka hiyohiyo mwalimu huyo alikuwa na wanafunzi wengine jioni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga, ambayo walimu wa shule za msingi waliibeba pamoja na wafundishaji wa kujitolea, ilifikia mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 uliowapanga washiriki katika hatua nne. Kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika, kilichokadiriwa kuwa asilimia 67 mwaka 1967, kilitajwa kuwa chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Mtu anaweza kuwa na shaka juu ya takwimu zilizotangazwa na wenye kampeni, lakini jambo la kukumbukwa ni hatua zenyewe: kwa mara ya kwanza kujua kusoma kulielezwa kama ngazi yenye vidato badala ya kufaulu au kushindwa, na mtu mzima wa hatua ya pili alijulikana anachoweza na anachohitaji. Ajabu ni kwamba mwalimu aliyewapima wazee kwa ngazi hiyo jioni hakupewa ngazi kama hiyo kwa ajili ya watoto aliowafundisha asubuhi.

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ya uhaba, na haina mengi ya kusimulia katika habari hii isipokuwa kwamba andalio la somo lilibaki kuwa la mkaguzi. Ada ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006 ulijenga madarasa na kuwajaza watoto, huku mafunzo ya ualimu yakigawanywa kwa muda kuwa mwaka mmoja chuoni na mmoja shuleni. Mtaala wa mwaka 2005 ulisisitiza umahiri, yaani uwezo wa kutenda kwa kutumia kilichofundishwa, na jedwali la andalio likaongezwa safu za kueleza mwalimu atafanya nini na mwanafunzi atafanya nini. Safu ziliongezeka; kilichoandikwa ndani yake hakikubadilika sana, kwa kuwa sehemu ya tathmini iliweza kujazwa maneno yaleyale, kwamba wanafunzi wengi wameelewa somo, siku baada ya siku, na mwalimu mkuu akatia sahihi.

Mshtuko ulitoka nje ya wizara. Upimaji ulioitwa Uwezo, uliofuata mfano wa asasi ya Pratham ya India iliyoanza kazi hiyo mwaka 2005, uliwapeleka mwaka 2010 watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi ya herufi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na ikaonekana kwamba takribani mtoto mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Upimaji wa serikali wa mwaka 2013 ulithibitisha jambo jingine, zito zaidi kwa wafundishaji wa Kiswahili: kwa kuwa maandishi ya lugha hii hufuata sauti kwa uaminifu, mtoto anaweza kuyatamka maneno ya ukurasa mzima bila kupata maana yake, hivyo ufahamu hubaki nyuma sana ya utamkaji. Kwa mtoto wa Matai tatizo hilo lina sura mbili, maana mwalimu anapaswa pia kutambua kama kosa ni la kusoma au ni la matamshi ya nyumbani tu, kama inavyotokea kwa r na l, au kwa dh, th na gh, katika vinywa vya wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu za bara.

Jibu la serikali lilikuwa mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa darasa la kwanza na la pili uliotolewa mwaka 2015, ambao ulipunguza wingi wa masomo na kutaka kusoma kuanze kwa sauti za herufi, pamoja na mafunzo ya siku kadhaa kwa walimu wa madarasa hayo na upimaji wa darasa la pili chini ya Baraza la Mitihani. Miradi mikubwa ya wafadhili ya miaka hiyo, EQUIP-T na Tusome Pamoja, haikuihusisha Rukwa. Mkoa huu uliingia baadaye, katika mradi wa Shule Bora, ulioanza mwaka 2021 katika mikoa tisa. Kwa hiyo mwalimu wa Kalambo alikuwa na mtaala mpya kwa miaka mitano hivi bila usaidizi wa karibu ambao wenzake wa Kigoma au Iringa waliupata, na hapohapo elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ikamwongezea watoto juu ya kiwango cha serikali cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja.

Utaratibu unaoendelea sasa, wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, umeirudisha kwa jina jingine fikra ya wakufunzi wa kusafiri, tofauti ikiwa kwamba anayesafiri ni mwalimu mwenyewe, hadi kwa jumuiya ya kujifunza ya shule yake au hadi kituo cha walimu cha jirani. Hapo walimu hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha na wengine hutazama, kisha hulijadili. Faida yake hutegemea kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote, nacho ni ujasiri wa mwalimu kusema mbele ya wenzake kwamba watoto kumi na wanane wa darasa lake hawajaitambua sauti ya m, na kuandika jambo hilo katika andalio lililo mezani kwa mwalimu mkuu, na ambalo mthibiti ubora wa shule, aliyechukua nafasi ya mkaguzi wa zamani, atakuja kulisoma.