Mpaka wa Maji

Wazee wetu husema kwamba maji hufuata mkondo. Neno hili kila mtu alijua, lakini kuliandika katika sheria ilikuwa kazi ya miaka mingi. Ndugu wasomaji, leo nataka kueleza jinsi watu wa Marekani walivyojifunza kuigawa nchi inayofurika kwa kadiri ya hatari yake, na kosa moja lililowapata wengi katika kuielewa hesabu hiyo.

Zamani walitumaini matuta. Kando ya mto Mississippi walijenga matuta marefu ya udongo, wakajiona wamo salama. Lakini mwaka 1927 maji yaliyabomoa mahali pengi, na watu zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Baadaye matuta yakajengwa tena kwa nguvu zaidi, na watu walipoyaona wakazidi kuusogelea mto. Basi mwaka 1945 Gilbert White, mtaalamu wa jiografia, alitoa kitabu akaonyesha kwamba mafuriko yenyewe hayazuiliki yote, bali hasara nyingi hutokana na mahali watu wanapochagua kujenga.

Mwaka 1965 tufani iliyoitwa Betsy iliipiga Louisiana, na mwaka 1968 ikatungwa sheria ya bima ya mafuriko. Hapo ikawa lazima kuamua: nchi ya hatari ni ipi? Jawabu likawa hili: ni ile ambayo kila mwaka ina nafasi 1 katika 100 ya kufunikwa na maji. Ramani zikachorwa. Nchi hiyo iliandikwa herufi A. Na pwani, ambako mawimbi nayo hupiga, V. Nchi yenye hatari ndogo zaidi siku hizi huandikwa X. Tangu mwaka 1973, mwenye kukopa katika benki zinazosimamiwa na serikali kuu kwa ajili ya nyumba iliyo ndani ya A au V hana budi kuwa na bima.

Maji ya kipimo hicho huitwa gharika ya miaka mia, na jina hili limedanganya wengi. Wakiisha kufurikiwa, hudhani watapumzika miaka 99. Sivyo. Fikiri kikapu chenye maharagwe 100, moja jeusi na mengine meupe. Kila mwaka unafumba macho, unatoa moja, kisha unalirudisha. Jeusi laweza kutoka miaka miwili mfululizo. Katika miaka 30, nafasi ya kulitoa japo mara moja ni zaidi ya robo. Mji wa Houston ulipata mafuriko makubwa mwaka 2015, 2016 na 2017, na nyumba nyingi zilizojaa maji zilikuwa nje ya mstari wa ramani.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilishika kipimo kingine: nchi iliyo ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto huhesabiwa kuwa ya hatari. Kipimo hiki ni chepesi, kila mtu aweza kukipima kwa kamba. Lakini penye bonde pana mto hauhesabu meta.

Basi msomaji, kabla ya kuchimba msingi, pima kwa kamba, kisha waulize wazee maji yalifika wapi. Mstari wa sheria ni mwanzo wa busara, si mwisho wake.