Kaboni, Metali na Unyevu wa Hewa: Historia Fupi ya Maelezo ya Utelezi, kwa Kuzingatia Mwambao wa Ilemela

Historia ya vilainishi vya kaboni imezoeleka kusimuliwa kama historia ya dutu moja iliyoumbwa iteleze. Sehemu hii inapinga usimulizi huo. Hoja yake ni kwamba utelezi hauko ndani ya kaboni peke yake. Hutokana na kukutana kwa kaboni, metali inayosuguana nayo na hewa inayozizunguka.

Mwaka 1924, J. D. Bernal alibainisha muundo wa kinywe: matabaka ya atomi za kaboni yanayoshikana kwa nguvu hafifu. Ikaaminika kwamba matabaka hayo huteleza yenyewe. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilitikisa imani hiyo. Brashi za kaboni, ambazo katika jenereta za ndege husuguana na shaba ili kupitisha umeme, zilisagika upesi ndege ziliporuka juu sana. Robert Savage wa General Electric, katika makala yake ya mwaka 1948, alieleza sababu: kinywe kikikosa mvuke wa maji hakilainishi tena, hugeuka vumbi, kikirudishiwa mvuke kidogo, msuguano hushuka.

Tando ngumu za kaboni inayofanana na almasi, zilizoelezwa na Aisenberg na Chabot mwaka 1971, ziliongeza utata. Utando kama huo unaposuguana na feleji, sehemu ya kaboni huhamia kwenye feleji, hata kaboni ikawa inateleza juu ya kaboni. Hata hivyo, tando zenye hidrojeni nyingi huteleza vyema zaidi katika gesi kavu, ambako kizigeu cha msuguano huweza kushuka chini ya 0.01, na hupanda palipo na unyevu. Zisizo na hidrojeni, kama kinywe, kwa kawaida huhitaji unyevu huo.

Uwanja wa Ndege wa Mwanza umo Ilemela, kando ya Ziwa Victoria. Ndege inayopaa hapo huacha hewa yenye mvuke wa ziwa na, baada ya dakika chache, huingia katika hewa baridi na kavu. Mashine za mwaloni hubaki katika unyevu. Kwa hiyo, hata nchi yenye kinywe cha Mahenge na Merelani haiwezi kuazima vipimo vya maabara za mbali bila kuvihakiki. Kipimo cha msuguano kisichotaja metali na unyevu ni ushahidi nusu.