Kinga ya mgongo: Namba ya kutazama kabla ya kuingia uwanja wa mbio

SEPTEMBA 5, 1993, katika uwanja wa Misano nchini Italia, Mmarekani Wayne Rainey alikuwa akiongoza mbio za pikipiki huku akiutetea ubingwa wa dunia alioutwaa mara tatu mfululizo, kuanzia 1990 hadi 1992. Alianguka kwenye kona. Uti wake wa mgongo ulivunjika na hakutembea tena.

Hofu ya ajali ya namna hiyo ndiyo inayouza kinga ya mgongo, vazi la magamba magumu au la sponji maalumu linalovaliwa chini ya suti ya ngozi. Siku hizi wanunuzi si mabingwa pekee. Nchini Uingereza, viwanja kama Brands Hatch na Donington Park hutenga siku ambazo mtu wa kawaida, mwenye pikipiki yake na aliyelipa ada, huruhusiwa kwenda kasi bila kushindana na yeyote. Wengi wa hao huchagua kinga kwa kuangalia rangi na jina la kampuni, ilhali jambo la msingi limeandikwa kwenye lebo ndogo iliyoshonwa kwa ndani.

Lebo hiyo inapaswa kuwa na namba EN 1621-2, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha kinga za mgongo za waendesha pikipiki. Kilitolewa mwaka 2003 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2014. Sponji nyembamba inayokuja bure ndani ya mfuko wa mgongoni wa makoti na suti nyingi mara nyingi haina namba hiyo. Kazi yake ni kujaza mfuko tu, na mnunuzi asiihesabu kuwa ni kinga.

Katika maabara, uzito wa kilo 5 huangushwa juu ya kinga kwa nguvu ya jouli 50, kisha hupimwa kani inayopenya hadi upande wa pili. Kinga ya daraja la 1 hairuhusiwi kupitisha wastani wa zaidi ya kilonyutoni 18. Ile ya daraja la 2 haipaswi kuzidi 9, yaani nusu yake, na hakuna pigo hata moja linaloruhusiwa kupita 12. Kwa uwanja wa mbio, hakuna sababu ya maana ya kununua daraja la 1. Tofauti ya unene ni ndogo, na chini ya suti ya ngozi haionekani.

Hata hivyo, jouli 50 si nyingi. Ni sawa na mfuko wa sukari wa kilo 5 ulioachiwa kutoka urefu wa mita moja hivi. Aidha, kipimo hicho kinahusu pigo la moja kwa moja, kama la ukingo wa barabara au la pikipiki ya mwenzako inayokujia kwa nyuma. Pingili za uti wa mgongo huvunjika pia kwa kupindwa, kukunjwa au kugandamizwa kuanzia kichwani au makalioni, na dhidi ya hayo kinga haina uwezo mkubwa. Muuzaji anayeahidi kwamba vazi lake huzuia kupooza anauza asichonacho.

Lebo hiyo hiyo hubeba herufi zinazoonyesha eneo linalofunikwa. FB ni mgongo mzima pamoja na sehemu ya mabega, CB ni sehemu ya kati, na LB ni kiuno pekee. Anayeingia uwanjani achague FB, na ahakikishe inafika karibu na kifandugu. Alama T+ humaanisha kwamba kinga ilipimwa pia katika joto la nyuzi 40, jambo lenye uzito kwa zile za sponji laini, kwa kuwa tabia ya sponji hiyo hubadilika kulingana na joto. Zile za magamba magumu hutawanya pigo vizuri, lakini baadhi yake husumbua mwili unapoinama.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye saizi. Kipimo kinachotakiwa ni urefu kutoka kiunoni hadi begani, wala si kimo cha mtu. Wawili wenye kimo kimoja huweza kutofautiana kiwiliwili kwa sentimita kadhaa. Kinga ijaribiwe ndani ya suti, kofia ikiwa kichwani, mnunuzi akiwa ameinama kama aliyekaa juu ya pikipiki na kutazama mbele. Ikiwa ncha ya juu inaisukuma kofia, ni ndefu mno. Yenye mikanda ya mabegani na mkanda mpana wa kiunoni hutulia mahali pake hata mtu anapobiringika, wakati ile ya kuchomekwa mfukoni huhama iwapo suti imelegea. Daraja la 2 lililopanda hadi shingoni halilindi kiuno.

Mifuko ya hewa, iliyofanywa kuwa ya lazima kwa waendeshaji wa MotoGP kuanzia mwaka 2018, imewafikia pia waendeshaji wa kawaida. Hufutuka kabla mwili haujagonga chini na husaidia sana mabega na mitulinga, ila huhitaji nafasi ya kutanuka. Suti iliyobana huifanya impige mwenyewe kifuani. Anayekusudia kuitumia aivae pamoja na kinga ya mgongo siku ya kununua suti.

Kinga iliyopokea pigo kubwa hubadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. Kwa sababu hiyo, iliyotumika na mtu mwingine, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei, ni bora iachwe dukani.