Upokezi wa Wahakiki

Gazeti likiandika kwamba albamu mpya "imepata mapokezi mabaya", msomaji wetu huona uwanja wa ndege usio na ngoma wala mashada ya maua. Mapokezi ni shughuli ya mgeni. Ni pia ile meza ya mbele hospitalini. Kwa jambo ninalolikusudia, istilahi inayofaa zaidi ni upokezi wa wahakiki: jumla ya yale ambayo wapimaji wa sanaa wameyasema, kuyaandika, hata kuyanyamazia kuhusu kazi fulani, tangu ilipotoka hadi leo.

Neno upokezi si geni. Wanafasihi wana nadharia ya upokezi, ambayo Hans Robert Jauss aliitetea katika hotuba yake ya mwaka 1967 huko Konstanz, Ujerumani. Alizungumzia upeo wa matarajio: hadhira huikuta kazi mpya ikiwa tayari na mazoea yake, na hupima kwa mazoea hayo.

Mfano wake ulitokea mwaka mmoja baadaye, kundi la The Incredible String Band lilipotoa albamu ya The Hangman's Beautiful Daughter. Mwenzao Clive Palmer alikuwa ameshaondoka, na kundi kimsingi lilikuwa Waskoti wawili, Robin Williamson na Mike Heron. Msikilizaji wa vilabu vya nyimbo za jadi Uingereza alizoea gitaa moja na kisa kinachosimuliwa beti kwa beti. Hawa wakamletea gimbri ya Morocco, udi (ndiyo, huu huu wa taarabu) na filimbi za kila namna. Wimbo wao mmoja unachukua takriban dakika 13, unabadilika njiani mara kadhaa, na umebeba ndani yake wimbo wa kidini wa Bahamas. Je, hizo ni nyimbo za jadi? Hakuna kijiji kilichowahi kuziimba hivyo. Ndiyo maana huitwa muziki wa jadi wa majaribio, jina lenye ubishi ndani yake, na ubishi huo ndio chakula cha mhakiki.

Hapa ndipo waandishi wengi huchanganya mambo. Albamu hiyo ilifika nafasi ya 5 katika chati ya Uingereza: hayo ni mauzo. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy upande wa muziki wa jadi: hiyo ni kura ya watu wa fani. Robert Plant wa Led Zeppelin amekiri kujifunza kwao: hiyo ni athari. Yote yanaweza kuusindikiza upokezi wa wahakiki, lakini hayawi mbadala wake. Na upokezi wenyewe hautulii. Enzi ya panki ilipowadia, muziki wa mahipi, ukiwemo wa kundi hili, ukageuka kichekesho. Kisha mwaka 2003 kikatoka kitabu kizima kuhusu kundi hili, dibaji yake ikiandikwa na Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury.

Tatizo moja dogo limebaki. Tanzania, uhakiki ni pia ule wa vyeti na watumishi hewa, kwa hiyo kwenye kichwa cha habari ni salama kuandika "wahakiki wa muziki".

Mhariri akikutana na "albamu ilipata mapokezi mseto", na aulize: kutoka kwa nani, na lini? Jibu lisipokuwemo, sentensi irudishwe kwa mwandishi.