Mji wa migodi uliojiandikia historia kwa Kiswahili cha kambini

Historia ya mji wa migodi kwa kawaida huandikwa na mwenye mgodi. Ndiye mwenye karani, daftari na kabati la kuhifadhia faili. Mchimbaji huacha watoto, kifua kilichojaa vumbi na majina ya utani aliyowapa wakubwa wake. Huko Wales, wachimba makaa ya mawe walilikataa hilo mapema. Walikubali kukatwa senti katika mishahara yao, wakajenga kumbi na maktaba zao wenyewe, na mwaka wa 1973 ikafunguliwa mjini Swansea maktaba maalumu ya kuhifadhi urithi huo. Sisi wasemaji wa Kiswahili hudhani hatuna mfano kama huo. Tunao. Ila usiutafute Lamu wala Unguja; uko Lubumbashi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka wa 1910, mwaka uleule mji wa Elisabethville, ambao leo ndio Lubumbashi, ulipoanzishwa. Mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba likawashwa. Vibarua walitolewa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai na baadaye Ruanda-Urundi. Mwanzoni waliajiriwa kwa mikataba mifupi, wakichoka wanarudishwa kwao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitambua kwamba kuleta watu wapya kila mara ni hasara, ikawaruhusu waje na wake zao, ikajenga nyumba, zahanati na shule. Mfanyakazi alilala katika nyumba ya kampuni, akala posho ya kampuni, mwanawe akasomea shule iliyolipiwa na kampuni. Basi huyo atagombana na mwajiri wake akalale wapi?

Waligombana vilevile. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi waligoma kudai nyongeza. Chama hawakuwa nacho, maana Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi. Tarehe 9 askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville. Waliuawa makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao, Léonard Mpoyi.

Watu hao walizungumza Kiswahili. Kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, anaonyesha kwamba Wabelgiji walikipigia debe Kiswahili kwa sababu za kisiasa pia: walitaka kupunguza ushawishi wa Waingereza uliokuwa ukipanda na reli kutoka kusini. Lakini lugha ikishaingia kambini haimsikilizi tena aliyeileta. Watu wakawa "bantu", walikuja ikawa "balikuya", wako ikawa "beko". Mwalimu wa Kiswahili wa hapa Nairobi angeipiga kalamu nyekundu karatasi yote.

Mwaka wa 1965, katika Kiswahili hichohicho, André Yav alikusanya na kuandika historia ya mji huo. Aliiita kwa Kifaransa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, ingawa si kamusi hata kidogo. Ni masimulizi yanayoanzia enzi za Mfalme Leopold wa Pili. Na waliosimama nyuma yake hawakuwa wasomi. Kilikuwa chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, "maboi" waliopika, kufua na kupiga pasi katika nyumba za wazungu. Nani anayejua siri za bwana mkubwa kumpita anayempelekea chai?

Yav hakuwa na kanuni za tahajia. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kukatwa katikati. Fabian alipotaka kukichapisha kijitabu hicho mwaka wa 1990, ilimbidi Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha Katanga, akisome kwa sauti ndipo maana yake ijitokeze vizuri. Ukikisoma kimyakimya kinakuponyoka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo thamani yake. Angetokea mhariri mwema akakisanifisha, tungepata Kiswahili kizuri na kumpoteza shahidi. Chukua jina Bula Matari, yaani mvunja mawe. Lilikuwa jina la Stanley, kisha likawa jina la serikali yenyewe ya kikoloni. Mtu anayepasua mwamba kutwa nzima kwa ajili ya serikali inayoitwa Mvunja Mawe hahitaji kufafanuliwa utani huo. Andika "serikali ya kikoloni" mahali pake, na utani wote umekwisha.

Haya yanatuhusu hapa Nairobi. Asubuhi, wakazi wa Kawangware huvuka kwa miguu kuingia Lavington: mama fua, watu wa mjengo, mabawabu. Hawa ndio wenzake Yav. Mwanafunzi wao akitumwa na mwalimu kukusanya masimulizi ya wazee, hurudi na insha iliyonyooshwa, kila "nilikuwanga" imekuwa "nilikuwa". Lakini "-nga" ile inasema kazi ilikuwa ya kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Ikifutwa, muda nao umefutwa. Neno kipande nalo lina mambo yake: mzee akilitaja anaweza kuwa anakumbuka cheti cha kazi ambacho mkoloni alimlazimisha Mwafrika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukimwandikia "kitambulisho", umemvua kikopo hicho kabla hajakuonyesha.

Kibera walilijua jambo hili zamani. Jina lenyewe ni la Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha kambi za wanajeshi, na maana yake ni msitu. Askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, katika eneo la zaidi ya ekari 4,000. Mkoloni alikuja kuwaita wapangaji tu, wasio na haki ya kudumu. Hati hawakuwa nazo. Walikuwa na makaburi, misikiti na hilo jina, na walishikilia kwamba ni Kibra, si Kibera. Eneobunge lilipomegwa kutoka Lang'ata kwa ajili ya uchaguzi wa 2013 liliitwa Kibra. Mwaka wa 2017 wakakabidhiwa hatimiliki ya ardhi ya jamii, ya ekari 288.