Neno la Leo: Kulika

"Tairi limelika upande," husema fundi. Neno hili, lililotokana na kitenzi "la", lina maana mbili: kufaa kuliwa, na kupungua kidogo kidogo kwa kusuguliwa. Kwa dereva apitaye Buna akitoka Wajir kwenda Moyale, maana ya pili ni hasara. Jiwe au shimo la njiani likipinda tairodi, yaani fimbo ya usukani inayoelekeza magurudumu ya mbele, magurudumu hayo hayaelekei tena sawasawa. Yakikaribiana mno kwa mbele, tairi hulika ukingo wa nje. Yakiachana, ukingo wa ndani. Upepo ukipungua, kingo zote mbili hulika. Ukizidi, hulika katikati. Kwa hiyo usiseme tu "tairi limeisha". Sema limelika wapi, na fundi atajua pa kuanzia.